Wakati Uliopita wa Mwalimu Maimuna

Jumanne, 4 Machi

Nimemkosea Mwalimu Maimuna. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na mengine nitazungukazunguka mpaka nisahau nilichokaa kuandika.

Jana asubuhi alikuja dukani kwangu na msimamizi wake wa utafiti, Dokta Rogers wa chuoni. Mimi nina steshenari hapa Mwembesongo. Natoa kopi, naprinti, nabaindi, napiga picha za pasipoti, na kwenye kibao cha nje nimeandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: TUNASAHIHISHA KIINGEREZA. Dokta alikuwa ameshika proposo ya mwalimu, ile niliyoibaindi mimi kwa plastiki ya bluu. Akaifungua, akaweka kidole.

"Bwana Pazi, ni wewe uliyebadilisha hapa?"

Nikautazama ule mstari. Niliujua vizuri. Nikasema, "Mimi naprinti tu, Dokta. Mteja akileta kitu nakitoa kama kilivyo."

"Kaka Pazi," akasema Mwalimu Maimuna.

Dokta akaifunga ile proposo. "Haya. Asante." Akamgeukia mwalimu. "Umesikia mwenyewe."

Wakatoka. Mteja mmoja alikuwa anasubiri kopi za cheti cha kuzaliwa, nikamtolea. Ilikuwa chungu cha pili cha Ramadhani. Nimefunga, mdomo mkavu, na uongo umetoka laini kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Joto. Mlima wa hapa nyuma ya mji uko wazi mpaka juu, hauna hata kipande cha wingu. Wateja wachache.

Jumapili, 9 Machi

Ngoja nieleze jinsi ilivyokuwa, maana nikisoma tena ya Jumanne naona nimejificha.

Mwalimu Maimuna anafundisha shule ya msingi huko mbele ya Mkuyuni. Serikali imempa ruhusa ya masomo, yuko mwaka wa mwisho wa digrii. Utafiti wake unahusu utoro wa wanafunzi wakati wa masika: kwa nini mvua zikianza nusu ya darasa haionekani. Kwanza anaandika mpango wa kazi atakayoifanya, ndiyo hiyo proposo. Wakiipitisha, wanampa barua, anaenda kuuliza wazazi. Akimaliza anaandika ripoti.

Proposo aliiandika hapa dukani, kwenye kompyuta yangu, jioni baada ya jioni. Siku ya mwisho ya kuituma akawahi gari la Mkuyuni, mama yake alikuwa anaumwa. Akaniambia, "Kaka Pazi, nipitishie macho tu, kama kuna herufi imeruka. Halafu uprinti, ubaindi, umtumie Dokta kwa email."

Nipitishie macho tu. Ndivyo alivyosema.

Mimi nimemaliza fomu foo. Kiingereza changu nimekiokota kwenye kazi za watu. Nimebaindi ripoti za wanafunzi miaka mingi, na zote nilizowahi kusoma zimejaa "was" na "were". Nikajiwekea sheria yangu kwamba wasomi huandika kwa wakati uliopita. Sasa naona mwalimu kaandika "will", "will", "will". Wazazi sitini "will be interviewed", yaani watahojiwa. Nikaona hii aibu, mwalimu mzima hajui. Nikageuza zote. Watahojiwa ikawa walihojiwa.

Halafu kuna sehemu alisema wazazi wengi "are expected to say" kwamba mto ndio unaowazuia watoto. Maana yake anatarajia watasema hivyo. Nikaona hilo neno la kutarajia linamwonyesha hana uhakika. Nikalifuta, nikaandika "said". Walisema. Nikasevu juu ya ile yake, nikatuma. Nilijisikia nimemfanyia hisani.

Kwa hiyo Dokta amefungua, anakuta mwalimu kashahoji wazazi sitini na majibu anayo, wakati barua ya kumruhusu kwenda kuwauliza haijaandikwa. Wanaita kupika data. Mwalimu akasema ni wa steshenari ndiye aliyebadilisha. Dokta akaja kuniuliza, nami nikamfanya mwalimu mwongo mara ya pili.

Jumanne, 11 Machi

Nilitaka kwenda chuoni leo. Sikwenda.

Jumatatu, 17 Machi

Kuna habari kwamba chuo kinataka kupiga marufuku wanafunzi kupeleka kazi kwenye steshenari "zinazoandikia watu". Wenzangu wawili wa mtaa huu wameshafuta maneno kwenye vibao vyao. Mimi changu bado kipo. Nikikifuta nitakuwa nimekiri, nikikiacha nitaonekana. Nimekiacha.

Jumatano, 19 Machi

Imeanza. Imenyesha tangu alfajiri, ile mvua ya masika yenyewe, haina haraka wala haina hasira. Mlima haupo. Karatasi zimevuta unyevu, printa inameza mbilimbili na kukwama. Rimu nimezipanga jikoni karibu na jiko la mkaa, mke wangu amelalamika kwamba nimeleta ofisi kwenye ubwabwa.

Jumamosi, 22 Machi

Mwalimu Maimuna amekuja kuchukua flashi yake. Amelowa mpaka kwenye mtandio.

"Shikamoo kaka Pazi."

Amenipa shikamoo. Nilitamani angenitukana.

"Marahaba mwalimu. Habari za nyumbani? Mama?"

"Mama mzima. Ile kazi yangu ya kwanza, ile kabla hujaigusa, ipo kwenye mashine?"

Nikajifanya natafuta. Nilijua haipo. "Mwalimu, naona imeharibika."

"Imeharibikaje?"

"Imeharibika tu. Hizi mashine…"

Akaniangalia kama anavyomwangalia mtoto aliyesema daftari limeliwa na mbuzi. Akaniambia kwamba kikao cha nidhamu ni tarehe 28 Mei. Mpaka hapo haruhusiwi kumuuliza mtu yeyote chochote. Akaelekeza kidole nje, kwenye maji yanayoshuka barabarani.

"Unaona hii? Huu ndio utafiti wangu unaopita. Tarehe 28 Mei kutakuwa kukavu. Ruhusa yangu ya masomo inaisha mwaka huu, kaka. Masika mengine sina."

Akachukua flashi na kuondoka. Alilipia hata ile plastiki ya bluu, alikuwa hajailipia. Nimeshindwa kuikataa ile hela mbele ya wateja.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Sikufungua duka.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mwanaidi, mke wangu, kapika pilau, watoto wamevaa vizuri. Watu wanapeana mikono na kusameheana, "nisamehe nilipokukosea", "na mimi pia". Nimeomba msamaha kwa watu ambao sijawakosea kitu.

Jumanne, 8 Aprili

Nimejiandikisha tuisheni. Mtu wa miaka arobaini na tisa.

Kuna mwalimu wa sekondari, Madam Happiness, anafundisha jioni, Jumanne na Alhamisi, kwenye chumba nyuma ya kanisa. Ni Kiingereza cha kuandikia kazi za chuo, kuanzia chini kabisa. Wanaokuja ni wanafunzi wa vyuo. Nilipoingia wote wakasimama, wakadhani mimi ni mkaguzi.

"Shikamoo mzee," kijana mmoja anaitwa Brian akasema. "Umekuja kumwangalia binti yako?"

"Nimekuja kusoma."

"Karibu mzee. Hapa nyuma, tunaficha maandazi."

Nilimwambia Madam nataka kujua kama sheria yangu ya wakati uliopita ni ya kweli. Sikumwambia kwa nini. Moyoni nilikuwa bado na tumaini kwamba pengine nilikuwa sahihi na Dokta ndiye mkorofi.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo ilikuwa ile "s" ya mwisho wa kitenzi. Nimepata homa.

Mimi siku zote nilijua "s" ni wingi. Kitabu "book", vitabu "books". Basi na kwenye kitenzi nikafuata hivyohivyo, kama Kiswahili chetu: watoto wanacheza, wa kwa wa, ki kwa ki, kila kitu kinafuatana na mwenye nacho. Kwa hiyo wakiwa wengi nilikuwa naandika "children plays", na akiwa mmoja naiondoa, "the child play". Madam anasema ni kinyume. Akiwa mmoja ndiyo inawekwa, wakiwa wengi inaondolewa.

"Sasa Madam, hii lugha ina akili kweli?" Brian akasema. "Mmoja ndiye anapewa 's', wengi wanyimwe?"

Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza kazi zote zilizopita mikononi mwangu zikiwa sahihi, zikatoka zinaumwa.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua tangu jana, mto umejaa, umebeba magogo. Darasani tulikuwa sita tu. Tulisoma "a" na "the". Hatuna vitu hivyo kwetu na tumeishi.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimejibiwa.

Madam aliandika ubaoni safu mbili. Proposo: wakati ujao. Ripoti: wakati uliopita. Akasema ndivyo ilivyo kwa kazi zetu hizi, na si suala la mapambo. Proposo ni ahadi, hujafanya. Ripoti ni ushahidi, umefanya. Na maneno kama "tunatarajia" au "huenda" hayamaanishi mwandishi ni mwoga. Yanamwambia msomaji mwisho wa anachokijua uko wapi.

Nikanyoosha mkono.

"Madam, na kama mtu ameigeuza proposo yote ikawa ya wakati uliopita? Kwa nia njema."

"Nia anaijua Mungu, baba. Msomaji anachokiona ni mtu aliyesema amefanya kazi ambayo hajaifanya. Hapo umeshatoka kwenye kosa la sarufi. Umemtolea mwenzako ushahidi wa uongo."

Brian akanigeukia. "Mzee, hiyo proposo ni yako?"

"Ya ndugu yangu," nikasema.

Uongo mwingine. Nauandika hapa nao.

Jumatatu, 21 Aprili

Printa imekufa. Nimetumia siku nzima kuikausha kwa feni.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo darasa lilikuwa la kauli. Mtendaji yuko wapi kwenye sentensi. Madam alitaka tutafsiri sentensi rahisi: kikombe kimevunjika. Brian akaandika "The cup has broken itself". Kicheko mpaka mtu wa kanisani akaja kuchungulia.

"Usicheke, ana hoja," Madam akasema. "Kwenye Kiswahili tuna kutenda, kutendwa, na kutendeka. Nilivunja. Kilivunjwa. Kimevunjika. Hiyo ya tatu haina mtu kabisa. Kiingereza nacho kinacho kimtindo hicho hapa na pale, lakini ukiandika kazi ya chuo msomaji atakuuliza tu: ni nani?"

"Lakini Madam, nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kuvunja kikombe," Brian akasema. "Tangu nizaliwe. Vinavunjikaga tu."

"Na hela?"

"Zinapotea."

"Na wali?"

"Unaungua, Madam. Wenyewe. Dada yupo palepale anauangalia."

Nilicheka pamoja nao, nilicheka kweli, mpaka ikanifikia. Mwalimu, naona imeharibika. Imeharibikaje? Imeharibika tu. Na yeye ni mwalimu wa Kiswahili! Alisimama pale amelowa, akanisikiliza naiweka ile "-ika", akaelewa kila kitu. Mimi ndiye nilichelewa mwezi mzima kujisikia.

Nilitoka darasani kabla halijaisha.

Jumapili, 27 Aprili

Jana na leo hakuna mvua. Jirani zangu wanashukuru, wameanika magodoro. Mimi kila nikiangalia juu na kuona bluu naiombea mvua. Isikatike bado. Isikatike.

Jumatano, 30 Aprili

Nimekwenda Mkuyuni.

Mvua imerudi usiku, basi asubuhi njia ilikuwa tope tupu. Bodaboda akanifikisha sokoni, akasema zaidi ya hapo nimlipie na pikipiki nyingine. Nikatembea. Nikauliza shule, nikaambiwa Mwalimu Maimuna hayuko shuleni, yuko kule kwenye kijito.

Nikamkuta amesimama upande huu chini ya mwavuli. Kijito kilikuwa kimekuwa mto, maji mekundu. Ng'ambo kulikuwa na watoto wa shule, sare zao, wamekaa kwenye mgomba ulioanguka, wanatupa maganda kwenye maji. Wengine walikuwa wameshaanza kurudi juu mlimani. Mama mmoja alikuwa pamoja nao, ana mtoto mgongoni. Akapaza sauti:

"Mwalimu, leo hawaji!"

"Nimeona, mama! Warudishe!"

"Utaniuliza lini yale maswali yako?"

Mwalimu akapunga mkono tu. Halafu akaniambia bila kunigeukia, "Kila siku ananiuliza. Yule mama ana maneno ya kujaza sura nzima. Na mimi naangalia tu, siruhusiwi hata kumuuliza jina."

Nikasema, "Mwalimu, niliharibu mimi. Mimi nilibadilisha, mimi nilisevu juu ya kazi yako, na Dokta nilimdanganya. Nilidhani nakusaidia. Nilipoona sijakusaidia, nikaogopa."

Akahamishia mwavuli bega jingine.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Unafikiri umeniletea habari?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Kwangu? Umepanda boda, umetembea kwenye matope, umekuja kumwambia mtu pekee ambaye alikuwa anajua." Sasa akanigeukia. "Kaka Pazi, mimi na mimi nina langu. Sikuisoma. Ningeisoma kabla haijaenda ningeona. Hilo nimeshamwambia Dokta. Langu nimelipeleka mahali pake. Na wewe la kwako lipeleke."

"Watasubiri kikao."

"Kikao ni cha kuniadhibu. Dokta ndiye anatoa barua. Aliyekuuliza ni yeye." Akatazama ng'ambo. "Wiki tatu za mvua zingenitosha. Mbili pia. Nikianza juma lijalo nawapata bado wamekaa pale."

Nikamuuliza kama amenisamehe. Najua halikuwa swali la kuuliza.

"Uliza baada ya barua," akasema. Halafu, kwa kuwa ni mtu aliyelelewa vizuri, akasema mama yake ameivisha magimbi, nisiondoke na njaa.

Nilikula. Mama yake hajui mimi ni nani, alinishukuru sana kwa kuja kumtembelea mwanawe kipindi hiki kigumu.

Ijumaa, 2 Mei

Nimemwambia Mwanaidi yote, kuanzia mwanzo. Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua.

"Kwa hiyo tangu Ramadhani."

"Tangu Ramadhani."

"Nilidhani una mwanamke." Akatupa jiwe nje. "Na ukienda kusema, baba Salehe, chuo kikakataza wanafunzi wasije kwako? Tunakula kwenye hicho kibao."

"Najua."

"Hujui. Unajua Kiingereza?"

"Sijui."

"Haya, angalau hilo umelisema sawasawa." Akapepeta maharage. "Mimi nimefikiria yule mama wa magimbi. Kakupa na mboga?"

"Kanipa na samaki."

"Nenda ukaseme," akasema. "Tutauza daftari na kalamu. Kopi zipo. Watu hawataacha kuzaliwa na kutaka kopi za vyeti."

Kisha akasema kuanzia leo nyumba hii na yenyewe ianze kusema ukweli, anataka kujua ni nani aliyeunguza sufuria yake ya wali Jumapili ile. Nikasema ni mimi. Akasema alikuwa anajua.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua ndogo asubuhi, saa saba ikaacha. Juu mlimani mawingu yameshikana bado, meusi mpaka chini kwenye mashamba. Naomba Mungu mvua ibaki huko huko, imwagike upande ule wa Mkuyuni wiki mbili zaidi. Najua ni dua ya ajabu, wengine wanaomba kinyume.

Nimekishusha kibao. Kulikuwa na wateja wanaangalia, mmoja akasema, "Mzee unapaka rangi upya?" Nikamwambia, "Hapana. Sijui Kiingereza. Nilikuwa nakisahihisha bila kukijua." Akacheka, akadhani utani, akaomba kopi mbili.

Ninaogopa. Naogopa Dokta ataniuliza kwa nini amwamini mtu aliyemwambia jambo moja Machi na jingine Mei. Nitamwambia mara ya kwanza nilikuwa nalinda duka, na mara hii sina cha kulinda. Akitaka nirudie mbele ya kikao nitarudia. Akitaka nitaje kila neno nililoligeuza, nitakaa naye niyataje moja moja, ninayakumbuka.

Nimemtumia mwalimu ujumbe, nimemwambia aje awepo, maana uongo niliusema yeye akiwa amesimama pale na ukweli ausikie akiwa amesimama. Amejibu neno moja: Nitakuja.

Basi ni hivi. Jumatatu, tarehe 5 Mei, saa mbili asubuhi, kabla sijafungua duka, nitakuwa mlangoni kwa Dokta Rogers. Nitamwambia mimi Pazi niliyageuza maneno ya Mwalimu Maimuna bila yeye kujua, na alipokuja kuniuliza nilimdanganya. Nitaliandika hilo kwa Kiswahili, nitie sahihi na dole gumba, na nitakaa kwenye benchi la nje mpaka mwalimu atoke na barua yake ya kwenda kuuliza wazazi, au mpaka Dokta aniambie mwenyewe ni mlango gani mwingine wa kwenda kuyasema haya, niende huko siku hiyohiyo.